Kiswahili: Kidogo

Mpaka leo nikiona fomu ya serikali, iwe ya nini, mate ya kichefuchefu hunijaa chini ya ulimi. Wajukuu hunijia na makaratasi yao ya shule, "Babu, tujazie hapa," nami nawaambia wekeni mezani, mngojeni mama yenu. Wanacheka. Nilipata kuwaeleza kwamba mimi, babu yao, niliyezaliwa Mtang'ata pwani ya Tanga, nikanyonya Mtang'ata, nikasoma chuo Mtang'ata, niliandikwa na serikali kwamba Kiswahili sikijui. Wakadhani ni hadithi za babu. Si hadithi hata kidogo. Karatasi niliiona kwa macho yangu mawili, na mashine ya kuandikia ilivyokoleza herufi moja na kufifiza nyingine naikumbuka.

Ilikuwa miaka ya hamsini hiyo, uhuru bado, Tanga ile ya mkonge. Upepo ukigeuka ukatoka mashambani, mji mzima unanuka maganda ya mkonge yaliyooza, uchachu unaingia hata kwenye sufuria ya wali. Tulikaa Ngamiani, mimi, mke wangu na binti yetu aliyekuwa ndiyo kwanza atambaa, chumba kimoja katika nyumba ya mjomba wa mke wangu. Chumba kilikuwa cha hisani, na hisani ya mtu ina mwisho. Mjomba alikuwa na kijana wake anataka kuoa. Alikwisha kunitamkia, kwa adabu zote na kahawa mkononi, kwamba Ramadhani ikiisha, Mfunguo Mosi ukiandama, chumba kitahitajika.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha Wazungu Kiswahili. Si shuleni. Shuleni hawakunitaka, maana elimu yangu ilikuwa ya chuo cha Kurani na madarasa machache ya juu yake, cheti cha ualimu sina. Nilifundisha barazani mwao, kule Raskazone, saa kumi alasiri, mmoja mmoja. Serikali yao ilikuwa na sheria: Mzungu akija kufanya kazi nchini lazima afanye mtihani wa Kiswahili, asipopasi cheo hapandi. Basi wakatutafuta watu kama mimi. Tukiwa juu barazani tunaitwa mwalimu. Tukishuka zile ngazi tatu, tunakuwa maboi kama maboi wengine, na tunapita mlango wa nyuma.

Katika wote niliowafundisha, mmoja ndiye aliyekuwa hodari. Bwana kijana, wa ofisi ya serikali hapo mjini, mashavu mekundu, kiko hakimtoki mdomoni. Siwezi kumdhulumu: akili anayo, na ulimi wake mwepesi. Wenzake walikuwa wakitafuna maneno kama watu wenye muwa mdomoni, yeye baada ya mwaka mmoja ukimsikia nyuma ya mlango utasema ni mtu wa Pangani. Lakini alikuwa na mbwa.

Kefule! Mbwa mkubwa, manyoya rangi ya majani makavu, mate yanamchirizika saa zote kama bomba lililoharibika. Bwana wake akimpenda kupita kiasi. Wakila biskuti moja, nusu huyu nusu yule, na kisahani cha chai yule mbwa anakilamba mpaka kinang'aa, kisha boi anakirudisha kabatini pamoja na vingine. Mimi chai ya nyumba ile sikupata kuinywa, nilisema daktari kanikataza. Na mbwa, kwa sababu aijuayo Mungu, alinipenda. Nikikaa tu, yuaja kunilamba. Sisi Waislamu wa pwani ute wa mbwa ni najisi, nguo ukiigusa inaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mwoshaji wa kanzu zangu alikuwa mke wangu.

"Leo tena?" ataniuliza nikirudi.

"Upindo tu."

"Upindo tu! Siku moja utarudi na mbwa mwenyewe ndani ya kanzu, useme upindo tu." Na ataichukua kwa ncha ya vidole mpaka uani.

Basi nikajifunza kuikunja kanzu yangu magotini, nikaishika kwa mkono mmoja kama mwanamke avukaye kijito, na mkono mwingine nashika kitabu. Mwaka na nusu nilifundisha hivyo.

Nilimfundisha yule bwana, na si maneno tu. Maneno hata kasuku huyapata. Nilimfundisha vipi mtu apige hodi na mara ngapi, asimame upande gani wa mlango wakati wenyewe wanajistiri. Nilimfundisha kwamba mtoto wa mtu hasifiwi bila kutanguliza mashallah. Kwamba ukikaribishwa chakula husemi sitaki, unasema bismillahi zenu, nimeshiba. Na juu ya yote nilimfundisha jambo ambalo sisi kwetu tunalinyonya na maziwa: mtu hajisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Seremala wa kwetu aliyechonga milango ya mji mzima, ukimuuliza kama aweza kukutengenezea mlango, atakwambia, "Tutajaribu." Mama apikaye pilau watu wakalamba vidole, ukimsifu atasema, "Ah, nimechemsha tu." Akitokea fundi akasema najua, najua sana, watu watatazamana, wataaga, watakwenda kumtafuta fundi mwingine.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "ukiulizwa unajua Kiswahili, hata ungekijua kuliko kadhi, utajibu: kidogo tu, nababaisha."

Akafurahi sana. Akaliandika katika daftari lake dogo. Tangu siku ile tukalifanya ndiyo salamu yetu: nikipanda zile ngazi namuuliza, "Je, bwana, unajua Kiswahili?" naye anatoa kiko mdomoni, anainamisha kichwa, "Kidogo tu, mwalimu, nababaisha." Tunacheka wote wawili, mbwa anabweka, somo linaanza.

Siku ya mtihani wake ilipofika alikwenda kukaa mbele ya Wazungu wenziwe watatu, wakubwa wake. Alirudi ananitafuta mwenyewe, akaniona sokoni, akanishika mabega mbele za watu. "Mwalimu! Neno la kwanza waliloniuliza ni hilo hilo! Unajua Kiswahili? Nikawajibu: kidogo tu, nababaisha. Wakacheka wote! Mkubwa wao akasema, huyu hakujifunza Kiswahili tu, huyu amekuwa mtu wa pwani. Wakanipa daraja la juu."

Nilifurahi kama aliyepasi ni mimi. Niliisimulia habari ile Ngamiani nzima, baraza hadi baraza, mpaka mke wangu akaniambia nitakuja kuisimulia na kwa mbuzi. Mimi ambaye sijisifu nilikuwa nikijisifu kwa mdomo wa mwingine.

Haukupita muda, karani mmoja wa ofisi ile, Mbondei wa Muheza, mtu wa kanisani na rafiki yangu, alinijia na habari. Kuna chuo huko Uingereza kinachowafundisha Wazungu Kiswahili kabla hawajapanda meli kuja huku. Kinataka mtu wa pwani hasa, mwenye lugha yake, akawafundishe miaka miwili. Na akirudi, serikali itamchukua mwalimu wa kudumu, na nyumba ya mwalimu atapewa.

"Nyumba?" mke wangu akauliza kutoka nyuma ya pazia, ingawa alikuwa hayumo katika mazungumzo.

"Nyumba, dada," karani akasema. "Ya mabati, na jiko lake."

Siku ile ile nikaandika barua.

Ili mtu apewe kibali cha kwenda kufanya kazi nchi ya watu, palikuwa na fomu, na katika fomu palikuwa na sehemu mbili: Kiingereza na Kiswahili. Lazima mtu apimwe vyote viwili, na kila kimoja kiandikwe kadiri anavyokijua. Karani alicheka alipofika hapo pa Kiswahili. Mimi nilicheka zaidi. Mke wangu ndiye aliyesema, "Hicho watakupimia nini? Si waje hapa wakusikie unavyogombana na mjomba?"

Kiingereza nilipimwa kwanza, na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akipiga taipu. Alinisomea barua nikaiandika, akanipa gazeti nikasoma, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama lugha yao naijua. Nikamjibu, bila hata kupepesa jicho, naijua vizuri sana. Naam, mimi! Nilipotoka nje nilijishangaa, na baadaye nikaelewa. Kiingereza sikulelewa nacho. Hakuna mama aliyepata kunifinya paja kwa Kiingereza. Nilikipata kitabuni, na kitabuni watu wale wakiulizwa jambo husema ndiyo au hapana, basi nami nikasema ndiyo. Yule mama akaandika kwamba kinatosha.

Ikabaki Kiswahili, ambacho nilikihesabu kuwa kimekwisha. Mkamia maji hayanywi, wakubwa walisema, nami niliyakamia hasa. Nilikwenda Mtang'ata kumuaga mama yangu. Kwetu mtu hasafiri kama paka. Unapita nyumba kwa nyumba, unaomba radhi, uliyemkosea akusamehe, na kila nyumba wanakutia kitu mkononi. Mama alipika mikate ya kumimina, akaita watu, dua ikasomwa. Nilipomwinamia akanishika utosi, akanisomea Fatiha, akanipulizia.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Nenda kawafundishe kusema na watu vizuri. Na wewe usiwe mtu wa kujigamba huko ukaniaibisha."

"Sitajigamba, mama."

"Haya. Radhi zangu unazo."

Siku ya Kiswahili nilivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ya makaa, kofia ya viua, na koti la kuazima kwa karani. Niliingizwa chumbani, nikamwona mpimaji wangu nyuma ya meza. Alikuwa ni yeye. Mwanafunzi wangu! Kiko, mashavu, na mbwa chini ya meza amelala juu ya viatu vyake. Moyo ulinituama. Nikasema alhamdulillahi, jambo limekwisha, huyu ni mtu wangu, huyu ananijua kuliko anavyomjua nduguye. Karani alikuwa amekaa pembeni na karatasi zake. Nikakaa, na kwa mazoea nikaikunja kanzu magotini.

Bwana hakunisalimu. Niliona hilo, nikasema labda ni mambo ya ofisi. Akachovya kalamu, akaiangalia fomu, akasema kwa sauti ya ofisi:

"Je, unajua Kiswahili?"

Nikatabasamu. Wallahi nilitabasamu mpaka masikioni. Nilidhani ananitania, ananirudishia salamu yetu ya barazani. Na hata kama si utani, mtu aliyelelewa anajibu nini? Mama alikuwa amenishika utosi wiki ile ile. Nikainamisha kichwa, nikasema:

"Kidogo tu, bwana. Twababaisha."

Hakucheka. Aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi, na mbwa akainua kichwa akanitazama.

"Je, unaweza kukifundisha?"

Hapa nilikuwa nimeanza kutaharuki kidogo, lakini ulimi una njia zake, unakwenda pale ulipozoea. "Mungu akijaalia," nikasema. Akaandika tena.

"Ulifundishwa wapi?"

"Nyumbani, bwana. Na mama yangu."

Akaandika. Kisha akaifunga kalamu yake, akasema haya, utapata jibu. Mbwa alikuja kunisindikiza mlangoni, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikutazama amenilamba wapi. Njiani nilikuwa nikijisemea: umejibu kiungwana, mwanangu, mama angekuwapo angefurahi. Ndiyo ujinga wangu huo. Nautamka wazi kwa sababu nimechoka kuuficha.

Jibu lilikuja Ramadhani ikiwa imeingia, siku ya kumi hivi. Karani mwenyewe aliileta barua, na mtu aletaye habari njema haji akitazama chini. Alikaa kwenye mkeka, akaisoma, akanifasiria polepole, hali naelewa kila neno, maana Kiingereza changu kilitosha. Kiingereza: kinatosha. Kiswahili: kidogo, kwa kukiri kwake mwenyewe. Kufundisha: hana hakika. Masomo ya lugha: hakupata. Kwa hiyo kibali hakitatolewa, na nafasi ile kapewa mwingine, mama wa Kizungu aliyewahi kukaa shambani Maramba miaka mitatu, ambaye amesema Kiswahili anakijua vizuri sana.

"Soma tena," mke wangu akasema nyuma ya pazia.

Karani akasoma tena.

"Hapo pa kidogo. Nani alisema kidogo?"

Nikawa nauchokonoa ukingo wa mkeka.

"Nakuuliza, baba watoto. Nani alisema kidogo?"

"Mimi."

Lahaula! Pazia liliondoka likaangukia huko. Alitoka ana mwiko mkononi, mbele ya karani, jambo ambalo hajapata kulifanya. "Wewe! Wewe uliyekaa baraza zote za Ngamiani, hukunyamaza hata siku moja, umekwenda kunyamaza mbele ya Mzungu!" Akalia. Binti yetu akalia kwa kumwona mamaye analia. Karani akachukua kofia yake akaaga, na kwa adabu akajifanya hakuona kitu.

Kesho yake nilikwenda Raskazone, nimefunga, koo kavu, jua la saa nane. Sikungoja saa kumi. Bwana alikuwa barazani anakula, kitambaa kifuani, mbwa amekaa kiti cha pili, kiti changu. Sikukaa.

"Bwana," nikasema, "umeandika kwamba Kiswahili najua kidogo."

"Nimeandika ulilosema, mwalimu."

"Lakini wewe wajua tunavyojibu. Nilikufundisha mimi. Hapa hapa, kwenye kiti hicho alichokaa mbwa."

Akafuta mdomo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichefua; afadhali angekasirika. Alinitazama kwa huruma, kama mtu amtazamaye mgonjwa wa mtu mwingine. "Najua, mwalimu. Lakini ile ni fomu. Fomu haiulizi adabu, inauliza habari. Kama unajua sana, ulipaswa kusema unajua sana."

"Na wewe walipokuuliza?"

"Mimi?"

"Wewe ulisema kidogo tu, nababaisha. Wakakupa daraja la juu."

Akafikiri. Naona kwa kweli alifikiri, kiko kikimzimikia mkononi. "Kwangu mimi," akasema, "ilikuwa ni kuonyesha nimejifunza."

Basi. Akamkatia mbwa kipande cha nyama, akampa kwa uma ule ule anaolia, kisha akautia mdomoni mwake. Nilishuka ngazi, nikafika chini ya mti wa mkungu, nikainama, nikatapika maji matupu, maana tumboni hamkuwa na kitu. Sijui kama swaumu yangu ilibatilika siku ile. Niliilipa baadaye nisije nikadaiwa na Mungu kwa ajili ya mbwa na bwana wake.

Mji haukunihurumia. Tanga watu wana maneno! Nikipita barazani, "Mwalimu, hujambo? Habari yako twaweza kukuuliza kwa Kiswahili, au tutafute mkalimani?" Mjomba ndiye aliyecheka kuliko wote, kisha akanikumbusha habari ya chumba. Na kule Mtang'ata, nilikoagwa kwa dua na mikate, nilishindwa kwenda kusema nimerudi ilhali sikuondoka. Habari zilimfikia mama bila mimi. Aliniletea salamu kwa mtu wa samaki: muulizeni mwanangu, hao watu wanataka Kiswahili gani, na sisi tuliosema nao miaka yote hii tulikuwa tunabweka?

Ramadhani ikaisha. Idi tuliila kwa mjomba, na tende zake zilikuwa chungu. Siku ya tatu ya Mfunguo Mosi mke wangu alikuwa sakafuni anafunga vitu: mkeka, sufuria mbili, nguo za mtoto ndani ya kanga. Asubuhi yake angepanda gari moshi na binti yetu kwenda kwa wazee wake Muheza, na mimi ningelala kwenye ukumbi wa karani mpaka Mungu afungue mlango. Hatukuwa tunagombana tena. Kugombana kunataka nguvu.

Hodi ikapigwa. Mara tatu, pole pole, na mpigaji amesimama upande, hatazami ndani. Mke wangu alinyanyua kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Huyo mtu kalelewa vizuri." Nikatoka. Alikuwa ni yeye, kofia mkononi, mbwa kamfunga kamba.

"Mwalimu, shikamoo."

Astaghafirullah. Mwaka na nusu hakupata kuniamkia hivyo. Kinywa changu kikajibu marahaba chenyewe, na kikamkaribisha barazani. Mgeni hafukuzwi mlangoni, hata awe nani.

Akakaa, akaniuliza hali, akaniuliza mtoto, akatanguliza mashallah. Kila kitu mahali pake. Kila kitu nilichompa alinirudishia pale, na mimi nikahisi kama mtu anayeonyeshwa nguo zake mwenyewe zilizoibiwa. Kisha akatoa haja yake. Kuna mtihani mwingine, mkubwa zaidi, wa mashairi na barua za zamani. Akiupasi atapelekwa makao makuu.

"Nashukuru hukusafiri, mwalimu," akasema. "Ungeondoka, ningefanya nini mimi?"

Nyuma yangu nikasikia fundo linakazwa kwa nguvu. Mke wangu alikuwa kalisema neno hilo tangu siku ya barua: huyu hakutaka uende. Mimi nilimkatalia, nikasema si hivyo, ni ujinga wa fomu tu. Mpaka leo sijui. Alikusudia? Hakukusudia? Nimeishi na swali hilo miaka yote, nalo halijapungua uchungu. Lakini pale barazani nilisikia kinyaa kinapanda kutoka nyayoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitaka kumkatalia mtu usoni. Nikatafuta neno la kumfukuzia. Nikatafuta neno la kumkata. Na nikaliona lile, lake yeye mwenyewe, aliloliandika kwa mkono wake, nikasema yote naweza kumrudishia kwa neno hilo moja. Nikamtazama machoni. Sikuinamisha kichwa, sikutabasamu.

"Mimi, bwana," nikasema, "Kiswahili najua kidogo tu."

Akanitazama. Nami nikangoja neno limwingie, kama mtu aliyetupa jiwe kisimani anavyongoja mlio.

Akacheka! Alicheka mpaka kiko kikamponyoka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ah, mwalimu! Uungwana wenu huu nyinyi watu wa pwani! Basi kesho saa kumi, inshallah." Akainuka, akaaga vizuri kabisa, akarudi nyuma hatua mbili kabla ya kunipa kisogo, kama nilivyomfundisha.

Nilirudi ndani. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya furushi lake, mtoto kifuani.

"Umemkatalia?" akauliza.

"Nimemkatalia."

"Naye amekubali." Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu aliyechoka anayesoma kilichoandikwa. "Mume wangu, na kukataa nako hujui."

Asubuhi nikawapeleka stesheni. Gari lilipong'oka alimshika mtoto mkono akampungisha, yeye mwenyewe akatazama upande wa pili. Nilikuja kuwarudisha, baada ya miezi mingi, katika chumba tulichopanga kwa malipo ya masomo yale, na hatujawahi kulizungumza.

Siku ile ile, adhana ya alasiri imekwisha, nilitembea kwa miguu mpaka Raskazone. Kanzu ilikuwa nyeupe, ndiyo ile ya siku ya fomu. Nikapita mlango wa nyuma, nikazunguka, nikapanda zile ngazi tatu. Bwana alikuwa bado hajatoka. Mbwa alinijia mbio, mate yanamning'inia, akaniwekea kichwa magotini. Sikuikunja kanzu.